Hamoniamu nyumbani: Anza na koo la mwimbaji, si urembo wa sanduku

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mama yangu mdogo alifundisha shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30, akastaafu, akachukua kiinua mgongo chake na kuhamia Ipagala, Dodoma, karibu na watoto wake. Mwaka huu aliwaambia jambo moja tu: anataka hamoniamu, kile kinanda cha Kihindi kinachopigwa kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukivuta mvukuto. Amekulia Tanga enzi za majumba ya sinema, na hadi leo anaimba nyimbo za filamu za Kihindi mwanzo hadi mwisho, ingawa maneno mengi hajui maana yake.

Wanawe waligawanyika. Mmoja alisema fedha za uzeeni hazichezewi. Wa pili alipendekeza kinanda cha umeme, kwa kuwa kina midundo na sauti za kila aina. Wa tatu alikuwa ameshapata mtandaoni picha ya hamoniamu inayong'aa, yenye nakshi za maua na vifundo tisa mbele, akawa anauliza tu namba ya kutuma fedha. Mimi huandika habari za afya, lakini kwenye familia mwandishi huhesabiwa kuwa anajua kila kitu, hivyo kazi ya kuuliza ikaniangukia.

Niliyoyapata nayaandika hapa kwa sababu swali hili si la nyumba moja. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, zimekuja familia nyingi zilizokulia Pwani, ambako taarabu na nyimbo za Kihindi vimekaa jirani kwa muda mrefu. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake. Mombasa, Juma Bhalo aliyefariki dunia mwaka 2014 alijulikana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi, na hamoniamu ni moja ya ala zilizozoeleka katika taarabu ya mji huo. Wapo pia Watanzania wenye asili ya India wanaoitumia kwenye ibada. Na wapo vijana waliomwona Kili Paul, Mtanzania ambaye video zake za nyimbo za Kihindi zilimfanya Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, amtaje kwenye hotuba yake ya redio Februari 2022.

Wote hao wakienda kununua hukutana na mtego uleule. Macho huona sanduku, ilhali kinachonunuliwa ni upepo na sauti.

Ndugu wa kinanda cha kanisani

Msomaji aliyewahi kukiona kile kinanda cha zamani cha kanisani, kinachokanyagwa kwa miguu, ameshamwona ndugu wa hamoniamu. Vyote vinafanya kazi kwa njia moja. Ndani yake kuna vipande vyembamba vya shaba ya manjano, vilivyokazwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, mfano wa ulimi. Upepo ukipita, ulimi hutikisika na kutoa sauti. Mrefu hutoa sauti nene, mfupi hutoa sauti nyembamba.

Ala hiyo ilibuniwa Ulaya. Mfaransa Alexandre Debain ndiye aliyeipa jina hilo mjini Paris katika miaka ya 1840. Ilifika India ikiwa na kanyagio zake. Mwaka 1875, Dwarkanath Ghose wa Calcutta, mji unaoitwa leo Kolkata, aliiondolea kanyagio na kuweka mvukuto nyuma, ili mpigaji akae sakafuni pamoja na waimbaji wenzake. Mkono wa kushoto hupampu, wa kulia hubonyeza. Ndiyo maana hamoniamu ni ala ya kumsindikiza mtu anayeimba, na ndiyo maana ununuzi wake uanze na mwimbaji.

Koo kwanza

Wanakwaya wa Tanzania wana faida hapa. Waliojifunza kwa do, re, mi wanajua kwamba "do" inahama: leo inaanzia C, kesho F, kutegemea wimbo na sauti za waimbaji. Muziki wa Kihindi una mpangilio wa namna hiyo hiyo, Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni, na Sa haina makazi ya kudumu. Kila mwimbaji huchagua Sa yake, kisha mara nyingi hukaa nayo.

Wanaume wengi Sa yao huangukia karibu na C au D, wanawake wengi karibu na G au A, lakini hiyo si sheria. Njia rahisi ya kuipata ni hii. Imba wimbo unaoupenda bila ala yoyote, asubuhi ukiwa umeshakunywa maji, bila kujikaza. Shuka hadi sehemu ya chini kabisa ya wimbo, kisha panda hadi ya juu kabisa. Kama chini sauti inapotea, au juu shingo inakaza na kidevu kinanyanyuka, anza tena juu kidogo au chini kidogo. Pale ambapo ncha zote mbili zinatoka bila kusukuma, ndipo ilipo Sa yako. Programu ya bure ya kupima noti kwenye simu itakuambia ni herufi gani.

Kwa jicho la afya, hatua hii si ya kurukwa. Nyuzi za sauti ni misuli na ngozi laini kooni, na anayeimba kila siku kwa ufunguo usio wake huzichosha. Dalili ya kwanza ni ukavu na kujikohoza mara kwa mara, kisha sauti hukwaruza. Pumziko na maji kwa kawaida hutosha. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, hata kama hauumwi mafua, nenda hospitali ikaangaliwe. Mtoto naye asilazimishwe ufunguo wa mwalimu wake, na mvulana anayebalehe aachwe ashuke polepole kadiri sauti yake inavyovunjika.

Ukishaijua Sa, unajua nini cha kudai kwa muuzaji: sauti nzuri na laini katika eneo hilo, chini na juu yake. Hamoniamu nyingi zina safu mbili au tatu za ndimi, ambazo mafundi huziita ya besi, ya kiume na ya kike. Kwa mtu anayeimba nyumbani, safu mbili, ya besi na ya kiume, zinatosha. Ukubwa wa kawaida ni oktava tatu na robo yenye vibonyezo 39, au tatu na nusu yenye vibonyezo 42. Vyote vinamfaa anayeanza.

Unacholipia bila kukihitaji

Mashine zenye bei kubwa huwa na mtambo wa kuhamisha ufunguo: unasogeza vibonyezo vyote kulia au kushoto, vidole vinabaki palepale na sauti inapanda au kushuka. Unavutia, na una kazi kwa mpigaji anayesindikiza waimbaji wengi tofauti jukwaani. Mtu anayeimba kwa Sa moja hauhitaji. Mtambo huo huongeza uzito na sehemu za kuharibika. Hamoniamu nyepesi inaweza kuwa chini ya kilo 10, na yenye mitambo mingi ikapita kilo 15. Kwa mstaafu anayeitoa chumbani kwenda sebuleni kila jioni, tofauti hiyo ni kiuno.

Vifundo vya mbele navyo vina hadithi yao. Baadhi hufungua njia ya upepo kwenda kwenye safu za ndimi. Hivyo ni vya lazima. Vingine hutoa mlio mmoja usiokatika wa kusindikiza. Siku hizi mlio huo unapatikana kwenye simu bure. Vingine ni vya kutikisa sauti, na vipo ambavyo ni urembo mtupu, havijaunganishwa na chochote. Kabla hujahesabu vifundo, vuta kimoja kimoja na umuulize muuzaji kinafanya nini.

Kinanda cha umeme je? Kwa mtoto anayekaa nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba, chenye tundu la kuchomeka visikilizio kinaweza kuwa chaguo la busara, na kuna wanaoimba nacho vizuri. Hakitaki kutyuniwa. Lakini kinataka umeme, na hakipumui. Kwenye hamoniamu sauti inakua na kufifia kwa mkono wako wa kushoto, na baada ya wiki chache mwimbaji hujikuta anavuta pumzi pale mvukuto unapofunguka. Mama mdogo alipoulizwa na wanawe kwa nini hataki cha umeme, alijibu kwa ufupi: "Nataka kitu kinachochoka nikichoka."

Jaribio la dakika kumi

Majaribio haya yanafanyika dukani, sebuleni kwa anayeuza kilichotumika, au kwa simu ya video kama muuzaji yuko Dar es Salaam au India. Muuzaji anayekataa kuyafanya amekujibu.

Kwanza, funga vifundo vyote, usibonyeze kitu, kisha pampu. Mvukuto ukishajaa unapaswa kuwa mgumu mkononi na kukaa. Ukilegea mara moja, upepo unavuja.

Pili, fungua vifundo, pampu bila kubonyeza. Pasitoke sauti yoyote. Ukisikia mlio, kuna kibonyezo kisichofunga sawasawa.

Tatu, bonyeza kibonyezo kimoja kimoja kutoka chini hadi juu, vyeusi na vyeupe, kwa upepo mdogo kabisa. Kila kimoja kiitike papo hapo, bila kuchelewa, bila mkwaruzo wala mtetemo wa bati. Kisirudi juu kwa uvivu na kisigongane na jirani yake.

Nne, sikiliza kila safu ya ndimi peke yake, kisha zote pamoja. Zikiwa zimelingana, sauti hutulia. Zikitofautiana, utasikia wimbi, sauti ikizidi na kupungua kama inayumba. Pima na A kwa programu ya simu: kipimo cha kawaida ni 440.

Tano, bonyeza vibonyezo vitatu kwa pamoja na upampu kama kawaida. Mkono ukilazimika kukimbia, upepo hautoshi.

Mwisho ndipo uangalie sanduku. Chunguza kona za mvukuto kama kitambaa kimepasuka au kimebandikwa upya. Tafuta vitobo vidogo vya wadudu wa mbao. Angalia kama vipande vimefungwa kwa skrubu, ambazo fundi anaweza kuzifungua, au vimegongewa misumari. Mbao ngumu kama mtiki ni bora, lakini mtiki uliopasuka haumzidi mbao ya kawaida iliyo nzima.

Jaribio la kwanza ndilo lililookoa kiinua mgongo. Ile hamoniamu ya nakshi na vifundo tisa, muuzaji alipoombwa kwa video aijaze upepo na kuiacha, mvukuto ulilala kabla hatujahesabu tano. Alisema ni kawaida ya mashine mpya, itakaza ikizoea. Mvukuto unaovuja haukazi kwa kuzoea. Binamu yangu aliyekuwa anataka namba ya kutuma fedha ndiye aliyekata simu.

Bega, mgongo na goti

Uvujaji si suala la sauti peke yake. Hamoniamu inayoshika upepo hupampuliwa kwa vidole na kiwiko, taratibu. Inayovuja humlazimisha mpigaji kusukuma mfululizo, na mzigo wote huenda kwenye bega la kushoto na shingo. Kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, hilo ni jambo la kumfanya aache muziki ndani ya mwezi mmoja, huku akidhani ni uzee.

Kukaa sakafuni ndiyo desturi, lakini mwenye maumivu ya magoti au mgongo si lazima. Weka ala kwenye meza fupi imara, kaa kwenye kiti kisicho na mikono, nyayo zikigusa chini, na vibonyezo viwe usawa wa kiwiko au chini kidogo. Mvukuto upite ukingo wa meza ili mkono usijikunje. Usipinde kiuno kuelekea kushoto; sogeza ala, si mwili. Kila nusu saa simama, nyoosha mabega.

Je, kuimba ni dawa? Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakuna hamoniamu inayoshusha sukari au kuondoa shinikizo la damu, na dawa za kliniki ziendelee kumezwa. Kinachoonekana kwa macho ni kwamba anayeimba hutoa pumzi ndefu na kwa mpangilio, hukaa wima, hutumia kumbukumbu, na mara nyingi hapati nafasi ya kukaa peke yake kwa sababu majirani watakuja. Kwa mstaafu, hilo la mwisho lina thamani kubwa.

Dodoma si Kolkata

Hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotupoteza. Umeandikwa kwa ajili ya miji yenye unyevu, ambako adui ni kutu na mbao kuvimba. Ukiwa Tanga au Dar es Salaam, ufuate. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ukavu, upepo na vumbi jekundu.

Mbao iliyokauka kwenye hewa ya Kolkata ikifika hapa Julai huendelea kupoteza maji na kusinyaa. Kiungo kilichokuwa kimebana huachia, ubao wa ndani hupasuka, upepo unaanza kuvuja. Kwa hiyo vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usiviweke ndani ya hamoniamu wakati wa kiangazi cha Dodoma. Vitamaliza kazi ambayo jua limeanza.

Kama unaweza kuchagua, pokea ala wakati wa masika ili izoee ukavu polepole. Ikifika, iache ndani ya boksi siku mbili tatu kabla ya kuifungua. Isikae karibu na dirisha linalopigwa na jua, wala chini ya bati lisilo na dari. Ifunike kwa kitambaa kizito kila inapomaliza kazi, na vifundo vifungwe, kwa kuwa vumbi huingia kwa njia ileile ya upepo. Punje moja ya mchanga kwenye ulimi wa shaba inatosha kuufanya usiitike. Usiipulize kwa mdomo, maana mate huleta kutu ya kijani. Brashi laini ya rangi, iliyo mpya na kavu, ndiyo kifaa chake. Na wakati wa kufagia, sogeza ala kabla ya ufagio.

Fundi wa hamoniamu hapatikani kila mtaa. Kabla ya kulipa, tenga sehemu ya fedha kwa usafirishaji na kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, na uliza ni nani ataifungua ikikwama. Fundi seremala makini anaweza kuziba ufa na kubadili kitambaa cha mvukuto. Kukwangua ndimi ili kutyuni asiguse. Ulimi uliokwanguliwa vibaya haurudi.

Kitu ambacho haiwezi

Hamoniamu ina upungufu wake, nao usikushangaze baada ya kununua. Sauti ya binadamu inateleza kutoka noti moja hadi nyingine, na nyimbo za Kihindi zimejaa mitelezo hiyo. Vibonyezo haviwezi kuteleza. Ni moja ya sababu zilizofanya redio ya taifa ya India kuipiga marufuku hewani mwaka 1940, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi 1971.

Watu wa Dodoma tunalielewa hilo bila kusoma historia ya India. Zeze la Wagogo halina vibonyezo; kidole kinatafuta sauti kwenye uzi na kumfuata mwimbaji popote anapokwenda. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuufikisha muziki wa Kigogo katika majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003, aliimba na zeze na ilimba kwa mizani ya sauti ambayo hamoniamu haina. Kwa hiyo anayejifunza aimbe pia bila ala, walau wimbo mmoja kila siku. Hamoniamu imwonyeshe njia, isimshike mkono moja kwa moja.

Mama mdogo hatimaye alipata iliyotumika, ya familia moja ya Dar es Salaam iliyokuwa inahama. Haina nakshi. Ina safu mbili, vifundo vinne vinavyofanya kazi, na kona moja iliyochubuka. Ilipita majaribio yote isipokuwa kibonyezo kimoja cha juu kinachochelewa, na bei ikapunguzwa kwa ajili hiyo. Sa yake, tulikuja kujua, ni A. Kwa miaka yote alikuwa akiimba juu zaidi ya hapo, akifuata santuri.

Kwako msomaji unayepanga kununua, iwe ya mzee, ya mtoto au yako mwenyewe, andika mambo matatu kwenye karatasi kabla hujafungua simu kutafuta picha: Sa ya atakayeimba, mahali ala itakapokaa ndani ya nyumba, na jina la fundi. Ukikosa moja kati ya hayo, fedha zako bado zina usalama zaidi zikiwa mfukoni.